Pazia na kioo: historia inayosaidia kujua kamera inaumwa wapi

BUKAVU – Siku ya Jumamosi hapa mjini, ndoa zinafuatana tangu asubuhi, na kila ndoa iko na mpiga picha wake. Wengi wao wanatumia kamera kubwa za dijitali zenye kioo ndani, zilizokwisha kutumika kwingine kabla ya kufika kwetu kupitia Kampala, Kigali ao Dubai. Kamera kama hiyo ndiyo shamba la mwenyewe. Ikikataa kufanya kazi, nyumbani hakuna cha kuweka kwenye sufuria.

Mara nyingi mwenye kamera anaambiwa tu: «Imekufa, uiuze kwa vipuri.» Lakini magonjwa mengi ya kamera hizi yanatoka kwenye sehemu mbili tu: kioo, na pazia linalofungua na kufunga njia ya mwanga. Anayejua sehemu hizo zilitoka wapi anaweza kutambua ugonjwa kabla ya kushika bisibisi.

Hapo mwanzo pazia halikuwepo. Mwaka 1839, wakati njia ya Louis Daguerre ilipotangazwa Ufaransa, picha moja ilihitaji dakika kadhaa za mwanga. Mpiga picha alitoa kifuniko cha lenzi kwa mkono, akangoja, akakirudisha. Baadaye wataalamu walipata dawa zinazoshika mwanga haraka zaidi, na mkono wa mtu ukashindwa kufuata. Ndipo ilihitajika mashine ya kufungua na kufunga kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Kioo kilizaliwa kwa shida nyingine. Mpiga picha alitaka kuona kilekile ambacho lenzi inaona. Mwaka 1861 Mwingereza Thomas Sutton alipata hati ya uvumbuzi wa kamera yenye kioo kilicholazwa nyuma ya lenzi. Kioo hicho kilirusha mwanga juu, ili mtu aone picha kabla ya kuipiga. Lakini kioo hichohicho kinaziba njia. Ili picha ipigwe, lazima kioo kiondoke kwanza, kisha pazia lifunguke. Tangu hapo kazi mbili zikafungwa pamoja, na moja ikichelewa, nyingine inakwama.

Katika kamera ya Kine Exakta, iliyotoka Dresden, Ujerumani, mwaka 1936, kioo kilipanda na kubaki juu. Dirisha la kutazamia likawa giza mpaka mpiga picha avute filamu tena. Mwaka 1954 kampuni ya Asahi ya Japani ilitoa kamera ambayo kioo chake kilirudi chenyewe mara moja, na mwaka 1959 Nikon F ikaipeleka njia hiyo mikononi mwa waandishi wa habari wa dunia nzima.

Pazia nalo liliendelea. Leica ya mwaka 1925 ilikuwa na mapazia mawili ya kitambaa. La kwanza linafungua njia, la pili linalifuata na kufunga. Kwa mwendo wa haraka, la pili linaanza kabla la kwanza halijafika mwisho, kwa hiyo mwanga unapita katika ufa mwembamba unaotembea. Katika miaka ya 1960 Wajapani walieneza mapazia ya vyuma vyembamba yanayotembea kutoka juu kwenda chini. Njia yao ni milimita 24 badala ya 36, kwa hiyo yanafika haraka. Mwaka 1982 Nikon FM2 ilifikia sehemu ya 4,000 ya sekunde.

Dijitali haikubomoa nyumba hiyo. Kodak DCS ya mwaka 1991, yenye pikseli milioni 1.3, ilijengwa juu ya Nikon F3, kamera ya filamu. Ndiyo sababu kamera ya dijitali inayoning'inia shingoni mwa mpiga picha wa leo iko na kompyuta ndani, lakini bado inategemea springi, meno ya gia na sumaku kama za wazee wake.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Kama kioo kimebaki juu na dirisha ni giza, usikimbilie kufungua kamera. Weka kwanza batri nzuri iliyojaa. Kwetu umeme unakatika mara kwa mara, na batri nyingi za bei ya chini zinaonyesha kwamba zimejaa wakati haziwezi kusukuma motoru. Kioo kinapanda, nguvu inakwisha, hakirudi. Kisha zima kamera, toa lenzi, pangusa kwa kitambaa kikavu zile alama za chuma zinazounganisha lenzi na kamera, na ujaribu lenzi nyingine. Kama ujumbe wa kosa unaendelea, hapo ndipo utamshuku motoru ao gia.

Jaribio la pili ni kuwasha skrini ya nyuma ili kutazama moja kwa moja. Kwa kazi hiyo kamera inapandisha kioo na kufungua pazia. Ukiona picha kwenye skrini, sehemu hizo mbili bado zinatembea. Kama menyu inaonekana lakini picha ni nyeusi, hata ukiwa umetoa kifuniko cha lenzi, pazia linaweza kuwa limekwama.

Jaribio la tatu ni kusoma picha zenyewe. Piga ukuta mweupe bila flashi, kwanza kwa sehemu ya 60 ya sekunde, kisha kwa sehemu ya 2,000. Kama picha ya kwanza ni nzuri na ya pili iko na mstari wa giza upande mmoja, pazia moja limechoka: halikimbii sawa na mwenzake.

Lakini kama mstari wa giza unaonekana tu ukitumia flashi, pengine kamera haiumwi hata kidogo. Flashi inawaka mara moja, wakati ule ufa wa pazia umefungua kipande tu cha picha. Kamera nyingi zinakubali flashi ya kawaida mpaka sehemu ya 200 ao ya 250 ya sekunde. Rudisha mwendo hapo, mstari utapotea. Inasikitisha mtu akiuza kamera nzima kwa sababu ya ugonjwa ambao haupo.

Vumbi nalo linadanganya. Wenzetu wa Goma wanaishi juu ya mawe ya Nyiragongo, na vumbi lake ni kali. Doa linaloonekana kwenye dirisha lakini halionekani kwenye picha liko juu ya kioo ao karibu yake, na haliharibu kazi. Doa linaloonekana kwenye picha lakini si kwenye dirisha liko kwenye sensa. Usipanguse kioo kwa kidole wala kwa shati: rangi yake ya fedha iko upande wa mbele, na inakwaruzika kirahisi. Usiguse pazia pia, ni jembamba sana.

Kama dirisha linaonyesha mambo wazi lakini picha zinatoka na ukungu, piga tena kwa kutazamia kwenye skrini. Zikitoka safi hapo, lenzi ni nzima. Huenda kioo hakikai tena pahali pake baada ya kuanguka.

Mwenye kamera asijilaumu kwa kila kitu. Kioo cha Canon EOS 5D, kamera iliyotoka mwaka 2005, kiliweza kubanduka, na kampuni ikakubali kukitengeneza bure. Nikon D600 ya mwaka 2012 ilirusha madoa kwenye sensa, na mwaka 2014 Nikon ikatangaza kubadilisha pazia lake bila malipo. Tena, kila pazia liko na umri. Canon EOS 5D Mark III ilijaribiwa kwa mapigo 150,000, na kamera kubwa zaidi kama Nikon D4 kwa 400,000. Anayepiga picha 1,000 kwa kila ndoa, ndoa 2 kwa juma, anapita 100,000 kwa mwaka mmoja. Kabla ya kununua kamera ya kutumika, uliza hesabu hiyo.

Pazia lililovunjika halishonwi, linabadilishwa zima. Hapa kwetu linatolewa kwenye kamera nyingine iliyokufa kwa sababu tofauti. Fundi ajihadhari: ndani ya kamera yenye flashi yake kuna kipande kinachohifadhi umeme wa karibu volti 300 hata batri ikitolewa.

Jambo hili linaharakisha. Mwaka 2018 Canon na Nikon zilileta EOS R na Z 7, kamera kubwa zisizo na kioo, na mwaka 2021 Nikon Z 9 ikatoka bila pazia la kutembea. Viwanda vinaiacha njia ya Sutton, na kamera za kioo zinashuka bei na kuja kwetu. Sisi ndio tutakaobaki nazo, huku vipuri vipya vikiendelea kupungua.

Na Congo inajua uzito wa picha. Mwaka 1904, kule Baringa, Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala akiangalia mkono na mguu wa binti yake, uliokatwa wakati wa kaucho. Picha hiyo ilionyeshwa Ulaya na Marekani, na ikasaidia kumvua Leopold Congo mwaka 1908. Leo ndoa zetu, mazishi yetu na mabaya tunayotendewa yanahifadhiwa na vijana wenye kamera za kioo. Mafundi wasitupe mizoga ya kamera, waitunze kwa vipuri. Na mpiga picha akiambiwa kwamba kamera yake imekufa, aombe kwanza kuonyeshwa ni kioo ao ni pazia.