Kiungo cha Wavuti na Uamuzi wa Mtumiaji: Funzo la Java, 1995–2006
Kampuni ya Sun Microsystems ilipoizindua Java mwaka 1995, iliahidi kwamba programu iliyoandikwa mara moja ingeendeshwa katika mfumo wowote wa kompyuta. Hata hivyo, kufungua kiungo cha wavuti kulibaki nje ya ahadi hiyo. Windows, Mac na Linux zilikuwa na amri tofauti; waandishi wa programu walilazimika kuziandika zote, au kukisia kivinjari kilichopo. Java 6, iliyotolewa Desemba 2006, ilileta njia moja: programu hukikabidhi kiungo kwa mfumo, nao hukifungua kwa kivinjari alichokiteua mtumiaji. Hivyo, suluhisho halikuwa programu kujua kila kitu, bali kumwachia mtumiaji uamuzi ulio wake.