Malenga wa Kombania C

Miaka ya 1860 merikani iliadimika katika maduka ya Unguja na bei yake ikapanda. Sababu ilikuwa mbali: tangu 1861 Wamarekani walikuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe, na pamba ya majimbo ya kusini haikufika tena kwenye viwanda vya Massachusetts. Majemadari wa vita hivyo wameandikiwa vitabu tele. Hapa nitazungumzia kombania moja tu ya wajitolea, kwa kuwa ndani yake alikuwamo malenga.

Ilitoka New Bedford, mji wa bandari ulioishi kwa nyangumi, ambao meli zake zilivua hadi katika Bahari yetu ya Hindi. Mabaharia weusi walikuwa wengi humo, na baadhi yao walikuwa wameukimbia utumwa. Februari 1863, Massachusetts ilipoanza kuunda Kikosi cha 54 cha askari weusi, vijana wa mji huo wakajiandikisha. Ndio waliokuwa kiini cha Kombania C, chini ya Kepteni James Grace.

James Henry Gooding alizaliwa mtumwa North Carolina mwaka 1838, akakombolewa kwa fedha angali mdogo, akasomeshwa New York. Mwaka 1856 alipanda Sunbeam, meli ya kuvua nyangumi, na huko baharini akatunga mashairi. Alipokuwa askari, akawa akiliandikia gazeti la mji wake, Mercury, karibu kila wiki. Nazithamini mno barua hizo, maana mwandishi wake ni koplo aliyesimama safuni pamoja na wenziwe.

Julai 18, 1863, magharibi ikiingia, Kikosi cha 54 kilitangulia kuivamia Ngome ya Wagner, karibu na Charleston, kwa kupita ufukweni. Katika watu kama 600, watu 272 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Kanali wao, Robert Gould Shaw, alifia juu ya boma. Sajini William Carney wa Kombania C alimwona mshika bendera ameanguka; akaitwaa bendera, akarudi nayo hali mwili umejaa majeraha. Nishani yake ilimfikia mwaka 1900.

Lakini kwangu mimi, vita vyao vizito zaidi vilikuwa vya mshahara. Waliahidiwa dola 13 kwa mwezi, sawa na askari weupe. Siku ya malipo wakapewa 10, na katika hizo 3 zikakatwa za nguo. Wakakataa kushika hata senti moja. Massachusetts ilipojitolea kujaza pengo hilo, wakakataa vilevile, ingawa nyumbani wake na watoto walikuwa katika dhiki. Septemba 28, 1863, mwaka mmoja kamili tangu afunge ndoa, Gooding alimwandikia Rais Lincoln mwenyewe, akamuuliza kwa adabu kama wao ni askari au vibarua.

Juni 1864 Bunge lilikubali kusawazisha, ila kwa sharti: haki kamili ya malipo ya nyuma ni ya yule aliyekuwa huru tarehe 19 Aprili 1861. Sisi tuliorithi maneno mwungwana na mtumwa hatuhitaji kuelezwa uchungu wa mstari huo. Kanali Edward Hallowell, aliyeshika nafasi ya Shaw, akabuni kiapo: kila mmoja aape kwamba siku ile hapakuwa na mtu mwenye haki ya kumfanyisha kazi bila ujira. Waliokuwa watumwa wakaapa, na hawakusema uongo; nani alikuwa na haki hiyo? Mwishoni mwa Septemba fedha zikagawiwa, zote.

Gooding hakuwapo. Februari 20, 1864 alijeruhiwa mguuni huko Olustee, Florida. Nyumbani zikafika habari kwamba ameuawa, kumbe ametekwa. Alifia katika gereza la Andersonville, Georgia, Julai 19. Barua zake zilikuja kutolewa kitabuni mwaka 1991.

Carney alirudi New Bedford, akaajiriwa posta. Kwa zaidi ya miaka 30 alizunguka mitaa ya mji huo akipeleka barua nyumba hadi nyumba.