Kijiji cha plastiki chakavu kilichogeuka soko la samani

Kabla ya mwaka 2006, kijiji cha Dongfeng, katika mji mdogo wa Shaji, mkoani Jiangsu, mashariki mwa China, kilijulikana kwa plastiki chakavu. Watu waliikusanya na kuichambua iuzwe tena, wengine wakafuga nguruwe, na vijana walikimbilia mijini kutafuta vibarua. Msitu hakikuwa nao, wala ufundi wa useremala wa kurithi.

Mwaka huo kijana Sun Han alirejea nyumbani akafungua duka kwenye Taobao, soko la mtandaoni lililoanzishwa na kampuni ya Alibaba mwaka 2003. Alianza na bidhaa ndogondogo. Kisha, akiwa Shanghai, akaona samani nyepesi za IKEA, zile zinazouzwa vipandevipande na mnunuzi akaziunga mwenyewe. Akaagiza maseremala wamtengenezee za namna hiyo, akaziweka dukani kwake.

Siri ya namna hiyo kijijini haifichiki: jirani akikuona unapakia maboksi kila jioni, atauliza tu. Jirani akaiga, shemeji akaiga, na baada ya miaka michache Shaji ilikuwa na karakana za mbao, wauza skrubu, watengeneza maboksi na wasafirishaji wa vifurushi. Waliohamia mijini wakaanza kurudi.

Lakini nani angemtumia fedha mkulima asiyemjua? Hapo ndipo ilipofaa Alipay, iliyoanza mwaka 2004: hushikilia malipo mpaka mnunuzi athibitishe kwamba mzigo umemfikia. Kwa maoni yangu, utaratibu huo ulifanya kazi kubwa kuliko kompyuta zenyewe.

Mwaka 2009 Alibaba ilihesabu vijiji 3 vya aina hii. Mwaka 2020 vilikuwa 5,425. Kuingia kwenye hesabu, kijiji kilipaswa kuuza bidhaa za yuan milioni 10 kwa mwaka. Vingi viko mikoa ya pwani, yenye barabara na viwanda. Magharibi, kwenye umaskini zaidi, ni vichache. Na kuigana kuna gharama yake: wote wakiuza rafu zinazofanana, bei huporomoka.

Kwetu Afrika Mashariki, kulipana kwa simu si tatizo tena tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007. Kinachokwamisha ni mzigo. Halmashauri inayotaka wasusi wa vikapu wa Iringa wauze mpaka Mwanza ianze na gari la vifurushi linalofika kijijini kwa nauli inayojulikana. Semina za kupiga picha za bidhaa zifuate baadaye.