Injekta za gari la tabo: utajuaje zimefika mwisho?

Tangu lami ya Tunduma hadi Sumbawanga ikamilike miaka ya 2010, hapa Laela siyo ajabu tena kuona Chaser au Subaru ya tabo ikikatiza. Kijana ananunua gari, anabadilisha egzosi, anapandisha busti, halafu linakuja swali: "Braza, niweke injekta kubwa?" Jibu langu huwa ni lile lile: usinunue kwa sikio, nunua kwa kipimo. Leo naviweka vipimo vyenyewe hapa, pamoja na jambo moja linalotuhusu sana sisi wa Ufipa, yaani mwinuko.

INJEKTA INAISHAJE?

Injekta ni kibomba kinachofunguliwa na umeme. Kompyuta ya gari haiwezi kupanua tundu lake, inachoweza ni kuongeza muda wa kulifungua. Na muda wenyewe ni mdogo. Injini ikiwa raundi 6,000 kwa dakika, kila silinda inapata milisekunde 20 tu kwa mzunguko mzima wa kazi. Injekta ikifunguka milisekunde 10, umetumia 50%. Ikifunguka 17, umetumia 85%. Ikifika 100% maana yake iko wazi muda wote na hakuna cha kuongeza, ila tabo yenyewe haijui hilo, inaendelea kusukuma hewa.

Hapo ndipo injini zinapokufa. Hewa inakuwa nyingi, petroli pungufu, joto linapanda, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati na unasikia mgongo kama kokoto ndani ya kopo. Nimewahi kuona pistoni ya namna hiyo mezani kwa fundi, imetoboka katikati kama imechomwa kwa msumari wa moto. Mwenye gari alitafuta injini nyingine.

Kwa hiyo shika hivi: ukiona 80% kwenye mzigo mkubwa, hiyo ni onyo. Ikipita 85%, acha kupandisha busti mpaka ubadilishe. Kipimo hiki fundi anakisoma kwa kompyuta, au kwa mita ya umeme yenye alama ya asilimia. Kingine ni kipimo cha mchanganyiko kinachofungwa kwenye egzosi. Gari la petroli likitembea taratibu husoma karibu 14.7, yaani kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Likiwa kwenye busti kamili linatakiwa liwe kama 11 hadi 12. Ukiona linapanda kwenda 13 huku umekanyaga, achia mguu hapo hapo.

HESABU YA HARAKA

Chukua nguvu unayotaka kwa farasi, zidisha kwa 6.3, kisha gawa kwa (idadi ya silinda mara 0.8). Unapata ukubwa wa injekta kwa cc za petroli kwa dakika.

Mfano, 1JZ-GTE ya Chaser ina silinda 6 na kiwanda kilitangaza farasi 280. 280 x 6.3 ni 1,764. Gawa kwa 4.8, unapata kama cc 368. Injekta zake za kiwandani ni cc 380. Umeona? Kiwanda hakikukuachia nafasi kubwa ya kuchezea. Ukitaka farasi 350, hesabu inakupa kama cc 460, kwa hiyo zile za zamani hazitoshi. Na Subaru ya silinda 4 ikitaka farasi 280 inahitaji kama cc 550, kwa sababu kazi ile ile inagawanywa kwa watu wachache.

SISI WA MLIMANI

Sumbawanga mjini iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ina mgandamizo wa kama baa 0.8, wakati pwani ni kama baa 1. Geji ya busti kwenye magari mengi inapima ziada tu juu ya hewa ya nje. Ukiona baa 1 huku kwetu, injini inapokea jumla ya 1.8. Gari lile lile, geji ile ile ikisoma 1 ukiwa Dar, jumla ni 2. Hiyo ni hewa zaidi kwa kama 11%, hata kama joto la pwani litaipunguza kidogo.

Maana yake ni kwamba injekta iliyosoma 80% hapa Laela inaweza kusoma karibu 89% ukifika Dar. Kwa hiyo usiseme "mbona nyumbani halina tatizo". Kama gari limesetiwa huku juu, lipime upya kabla hujakanyaga ukiwa chini.

KABLA HUJATOA HELA

Dalili za injekta ndogo zinafanana na za vitu vya bei rahisi. Anza na hivi:

1. Filta ya petroli. Ikiziba, gari linakosa nguvu juu kabisa ya raundi.
2. Pampu. Kama presha ya petroli ni baa 3 bila busti, ukiwa na busti ya baa 1 inatakiwa ifike 4. Isipopanda, injekta mpya hazitakusaidia.
3. Injekta chafu. Plagi moja ikiwa nyeupe na nyingine zina rangi ya kawaida, safisha kwanza.
4. Petroli yenyewe. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji. Petroli yenye mafuta ya taa inaleta mgongo hata injekta zikiwa nzima. Ya kwenye madumu usiiweke kwenye gari la tabo.

UKISHAAMUA

Badilisha zote kwa pamoja, za aina moja. Hakikisha omu zinafanana na za zamani. Ziko za omu 2 hadi 3 na ziko za 12 hadi 16, ukikosea unaweza kuunguza kompyuta. Halafu lazima kompyuta isetiwe upya. Ukitoa cc 380 ukaweka 550 bila kuiambia, inamwaga petroli zaidi kwa 45%. Plagi zinakuwa nyeusi, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na injini inakwisha kwa njia nyingine.

WENYE DIZELI

Wale wa Land Cruiser ya 1HZ, iliyotoka kiwandani bila tabo kisha mkaifunga, kwenu mambo yamegeuka. Dizeli ikizidi ndiyo inayoleta joto. Moshi mweusi mzito unasema dizeli ipo ya kutosha, hewa ndiyo haipo. Ukiongeza nozeli hapo unaongeza moto. Funga geji ya joto la egzosi kwanza.

Hayo ndiyo niliyonayo wadau. Mwenye swali aandike aina ya injini, busti anayotumia na yuko mkoa gani, tusaidiane hapo chini kwenye maoni. Mafundi nanyi msikae kimya.