Vilele vya Abraham na Jasho la Waliotangulia

Asikiaye jina Heights of Abraham, yaani Vilele vya Abraham, huenda akadhani ni mlima wa Nabii Ibrahim, amani iwe juu yake. Sivyo. Mlima huo uko Matlock Bath, katika jimbo la Derbyshire, Uingereza. Jina lake ni kumbukumbu ya vita vya Quebec, Kanada, vya mwaka 1759, vilivyopiganwa katika uwanda ulioitwa kwa Abraham Martin, mkaazi wa zamani wa huko.

Mapango yake mawili, Rutland na Masson, yalichimbwa madini ya risasi kwa mwanga wa mishumaa ya shahamu. Rutland lilifunguliwa kwa watazamaji mapema katika karne ya kumi na tisa, na Masson mwaka 1844. Tangu 1984 jamaa na watoto wao hupandishwa kwa vigari viningʼiniavyo kwenye waya, juu ya mto Derwent.

Kuwatembeza watoto ni jambo jema. Lakini mzazi mwenye busara huwasimamisha pangoni akawaambia: njia hii tuipitayo kwa raha ilichongwa na watu waliotafuta riziki gizani. Mtoto asiyefunzwa kuheshimu jasho la waliotangulia, ataliheshimuje la baba yake?