Boti Iliyozaliwa na Ndege na Sufuria

Anayetaka kujua boti kuukuu ya alumini inavuja wapi haipeleki majini. Huyaleta maji kwenye boti. Huiweka juu ya trela, hufungulia mpira wa bustani ndani yake mpaka maji yafike kiasi cha shibiri moja juu ya mkuku, kisha hulala chali chini yake, kalamu ya rangi mkononi. Hazipiti dakika nyingi tone la kwanza hujikusanya kwenye kichwa cha ribiti, huning'inia, huanguka. Ribiti hiyo huzungushiwa duara. Mpaka mtu atoke huko chini, mabega yamelowa, tumbo la boti limekwisha kuwa na madoa kama chui.

Kazi hii hufanywa kila baridi inapokwisha katika mabanda ya Minnesota, Wisconsin na Michigan, majimbo ya Marekani yenye maziwa mengi kuliko mvuvi mmoja anavyoweza kuyamaliza maishani. Minnesota peke yake huhesabu maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari kumi au zaidi. Boti yenyewe mara nyingi ni ya futi 12 au 14, ya miaka ya 1950, iliyookotwa nyuma ya zizi ikiwa imemezwa na magugu. Pembeni mwa banda, imefungwa kwenye ubao, ipo injini ya kupachika ya umri uleule, farasi tano au kumi, kijani chake cha Johnson au buluu yake ya Evinrude imebanduka. Vitu hivi viwili vilitoka viwandani kwa maelfu na kuuzwa kwa watu wa kawaida. Kwamba vinaweza kufufuliwa leo, na mtu asiye fundi wa boti, ni jambo lenye sababu zake, na sababu ya kwanza iko mahali pasipo na samaki.

Iko Bethpage, Long Island, katika kiwanda cha ndege za kivita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Grumman iliunda huko ndege za Hellcat zipatazo 12,275 kwa ajili ya jeshi la majini la Marekani. Mwaka 1944 mmoja wa wakuu wake, William Hoffman, alikwenda kupumzika na kuvua katika milima ya Adirondack, kaskazini mwa jimbo la New York. Maziwa ya huko yameunganishwa na vijia vya nchi kavu, na msafiri hana budi kubeba mtumbwi begani kutoka ziwa hili hadi lile. Mtumbwi wa Hoffman ulikuwa wa mbao na turubai, nao ulimchosha. Alirudi kiwandani akiwa na swali moja tu: kwa nini mtumbwi usitengenezwe kama bawa la ndege? Bati la alumini lilivutwa juu ya kalibu likapata umbo, nusu mbili zikakutanishwa kwenye mkuku, zikafungwa kwa ribiti. Mwaka 1945, vita vikiwa vinakwisha, mitumbwi hiyo ikaanza kuuzwa.

Kuelewa kwa nini wazo hilo lilisambaa upesi kiasi kile, lazima kuikumbuka hali ya alumini yenyewe. Mwaka 1884 ilikuwa bado adimu kiasi kwamba ncha ya Mnara wa Washington ilivikwa kofia ya alumini kama kitu cha thamani. Miaka miwili baadaye Charles Martin Hall huko Ohio na Paul Héroult huko Ufaransa, kila mmoja kivyake, waligundua njia ya kuitenga kwa umeme, na bei ikaporomoka. Soko lake moja la mwanzo lilikuwa jikoni. Kisha vita vikaja. Kati ya 1940 na 1945 Marekani iliunda ndege za kijeshi zipatazo 300,000, na viwanda vya kuyeyushia madini vikajengwa kufuata umeme wa mabwawa ya Mto Columbia. Amani ilipofika, maelfu ya ndege zilipelekwa jangwani Kingman, Arizona, zikakatwakatwa na kuyeyushwa. Nchi ikabaki na alumini isiyo na mnunuzi, na mikono mingi, ya wanawake kwa wanaume, iliyozoea kazi moja: kugonga ribiti.

Kugonga ribiti ni kazi ya watu wawili. Mmoja husimama nje na bunduki ya hewa, mwingine ndani na kipande kizito cha chuma anachokikandamiza kwenye mkia wa ribiti ili upondeke na kutanuka. Wasipoelewana, bati huingia kishimo.

Viwanda vilivyoingia kwenye boti miaka hiyo karibu vyote vilitoka kwenye kazi nyingine. Flour City ya Minneapolis ilikuwa ya vyuma vya mapambo ya majengo, ikatengeneza sehemu za ndege vitani, halafu mwaka 1946 ikazaa Alumacraft. Howard Lund alijitengenezea boti ya kuwindia mabata katika gereji yake mjini New York Mills, Minnesota, mwaka 1948, na jina lake lingali limeandikwa kwenye boti mpaka leo. Starcraft ya Indiana ilianza kwa matangi na vifaa vya mashambani. Anayestahili kukumbukwa zaidi ni mtengeneza sufuria. Mjini Manitowoc, Wisconsin, kampuni ya Mirro, iliyojaza majiko ya Marekani kwa sufuria na vikaango, ilianza katika miaka ya 1950 kuunda boti za MirroCraft. Kusini kidogo katika jimbo hilohilo, West Bend, nayo kampuni ya sufuria, ilikuwa ikitengeneza injini za kupachika zilizouzwa na maduka ya Sears kwa jina la Elgin. Familia ya Wisconsin ingeweza kumvua samaki kwa boti na kumkaanga kwa kikaango, vyote viwili vya kampuni moja.

Huu ndio ufunguo wa jambo zima. Boti ya mbao ilihitaji seremala aliyelelewa katika kazi: ajue kupinda taruma, ajue kutia kalafati, ajue ubao upi utavimba ukilowa na kuziba wenyewe. Boti ya alumini iliundwa na watu ambao jana yake walikuwa wakiunda bawa au birika. Maarifa yake yote yamo katika bati lenyewe na mistari ya ribiti, wazi mbele ya macho. Mtu akiipindua anasoma jinsi ilivyoundwa, na akisoma hivyo anajua jinsi ya kuitengeneza.

Injini ya kupachika, kama uvumbuzi, ni mkubwa wa boti hii kwa karibu miaka 40. Ole Evinrude alizaliwa Norway mwaka 1877, akaletwa Wisconsin akiwa mtoto, akakulia shambani, kisha akajifunza ufundi wa mashine na wa kuchonga kalibu za mbao za kusubia chuma. Husimuliwa kwamba kiangazi cha 1906 alipiga makasia kuvuka ziwa la Okauchee kwenda kumletea mchumba wake, Bess Cary, aiskrimu, nayo ikayeyuka njiani. Kisa hiki kimerudiwa mno, hata kimeufunika mchango wa Bess, ambao ndio wenye uzito. Evinrude hakuwa wa kwanza. Cameron Waterman, aliyewahi kusomea sheria Yale, alimtangulia sokoni na injini yake ya kupachika. Kilichowatenganisha ni barua na matangazo. Bess ndiye aliyeandika tangazo lililowaambia watu wayatupe makasia, na ndiye aliyeshughulikia maagizo yaliyomiminika baada ya 1909. Injini ile ilikuwa na nguvu ya farasi mmoja na nusu na uzito wa kilo 28 hivi. Iliwashwa kwa kuzungusha flaiwili kwa kishikio, na kishikio hicho kiliendelea kuzunguka injini ikishawaka, kikisubiri vifundo vya vidole.

Mwaka 1914, Bess akiwa mgonjwa, waliuza hisa zao kwa mshirika wao na kukubali kutoshindana naye kwa miaka mitano. Evinrude hakukaa bure. Alibuni injini ya silinda mbili yenye sehemu nyingi za alumini: farasi watatu, kilo 22 tu. Mshirika wa zamani akaikataa, nao wakaanzisha kampuni mpya iliyoitwa Elto. Kwa hiyo alumini iliingia kwenye injini robo karne kabla ya kuingia kwenye boti hizi. Ndugu wanne wa ukoo wa Johnson huko Indiana walijibu kwa injini ya kilo 16. Bess alifariki mwaka 1933, Ole mwaka uliofuata, na muda mfupi baadaye Johnson na Evinrude zikawa chini ya kampuni moja, Outboard Marine. Muungano huo wa kibiashara ndio unaomwokoa fundi wa leo, kwa kuwa ndani ya maganda ya rangi tofauti injini za miaka ya 1950 zina vipuri vinavyobadilishana.

Mwaka 1949 Johnson walitoa injini ya farasi kumi iliyobadilisha uvuvi wa maziwa. Ilikuwa na gia: mbele, huru na nyuma. Kabla yake, kwa injini nyingi, kuwaka kulikuwa ndiko kuondoka, na aliyetaka kurudi nyuma aliizungusha injini nzima. Tangi la mafuta nalo lilishushwa sakafuni, likaunganishwa kwa mpira. Basi kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 mfanyakazi mwenye likizo aliweza kuifunga boti juu ya paa la gari, kuiweka injini kwenye buti, na kuwa ziwani kabla jua halijachomoza.

Sasa turudi bandani. Kabla ya bati, fundi mwenye akili hushughulikia mbao. Ubao wa tezi, ule unaobeba injini, mara nyingi umeoza na kuwa kama tumbaku. Hapa wengi huharibu. Wanakwenda dukani, wananunua mbao zilizotiwa dawa ya mchwa na kuvu, wakiona wamepata kitu cha kudumu. Dawa hiyo ina shaba, na shaba ikikutana na alumini penye unyevu, alumini huliwa hadi ikatoboka. Rangi za shaba za kuzuia viumbe vya majini hufanya vivyo hivyo. Linalofaa ni plaiwudi ya baharini iliyopakwa epoksi pande zote, hasa kingoni. Ribiti zilizolegea hugongwa upya na watu wawili, kama Bethpage. Zilizokatika hutolewa na kuwekwa ngumu mpya za alumini. Zile ribiti za kawaida za kufyatua, zinazowekwa na mtu mmoja kutoka nje, zina tundu katikati, nazo si za chini ya maji. Kabla ya rangi hupakwa dawa ya msingi yenye kromati ya zinki, na boti hugeuka kijani-manjano kama matumbo ya ndege za vita. Kwa siku moja au mbili asili yake inaonekana wazi.

Injini hudai subira ya namna nyingine. Flaiwili ikishang'olewa, chini yake kuna magneto: koili mbili, pointi mbili, kondensa mbili, bila betri. Koili za miaka hiyo zilifunikwa kwa plastiki iliyopasuka kwa uzee, na moto ukapotea humo. Mpya zingali zinatengenezwa. Pointi husuguliwa na kurekebishwa mpaka zitengane kwa nusu milimita. Kwenye kabureta kuna boya la gome, na petroli ya leo yenye ethanoli huyeyusha vanishi yake, kwa hiyo hupakwa upya au hubadilishwa. Mafuta huchanganywa na oili kwa kipimo cha 24 kwa 1, kizito kuliko kilichozoeleka leo. Mwisho hufunguliwa mguu, na impela ya mpira hutoka ikiwa imekakamaa kama ua lililokauka.

Fundi wa mashine za boti pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, angekaa mbele ya Johnson ya 1956 bila kubabaika. Yamaha, ambao injini zao zimejaa kwenye boti za mbao za Ziwa Victoria, walitoa injini yao ya kwanza ya kupachika mwaka 1960, kwenye njia iliyokuwa imeshachimbwa Wisconsin na Indiana. Pistoni, kabureta, impela, rafadha: vyote angevitambua. Pointi tu ndizo zingemkumbusha mzee aliyemfundisha kazi.

Injini hizi zina deni lao, nalo si dogo. Injini ya pigo mbili ya zamani hutema majini hadi robo ya mafuta yake bila kuyachoma, ndiyo maana zile za kabureta zilipigwa marufuku katika ziwa Tahoe mwaka 1999. Outboard Marine ilifilisika Desemba 2000, na waliorithi jina la Evinrude wakaacha kutengeneza injini hizo mwaka 2020. Waliobaki ni wakusanyaji, wengi wao wanachama wa klabu ya injini kongwe iliyoanzishwa mwaka 1965, ambao huziwasha kwa saa chache za mwaka na kupeana vipuri.

Injini haipelekwi ziwani siku ya kwanza. Hufungwa kwenye ukingo wa pipa lililojaa maji, choki huvutwa, kamba huvutwa mara mbili, mara tatu, na moshi wa buluu hujaa bandani. Injini nyingi za miaka ile hazina tundu la kurusha maji nje kama ishara kwamba zinapoa. Hivyo fundi huweka kiganja juu ya kichwa cha silinda, akihesabu dakika. Kikibaki vuguvugu, impela mpya inavuta maji, na boti inaweza kupakiwa.