Lamu Hakuna Tiketi

Ukisema shabiki, wengi wetu akili inaruka moja kwa moja hadi Kasarani: tiketi, geti, jezi. Haya, njoo Lamu siku ya mbio za punda. Uwanja ni njia ya pwani, na kiti chako ni ukuta wa bahari, ukiwahi.

Mbio hizi hazikuanzia kwa watalii. Habib Swaleh, mzaliwa wa Ngazija, alihamia Lamu karne ya 19. Alifariki 1935, lakini Maulidi ya Riyadha bado yanajaza mji kila mwaka. Watu wanakuja kwa dini, na mji unawaongezea michezo: bao, kuogelea, mashua, punda. UNESCO ilikuja kuutambua mji mkongwe 2001, sherehe zishazoeleka zamani.

Sasa cheki utamu wake. Punda anayeshindana leo, wiki jana alikuwa anabeba mchanga na mawe kwenye vichochoro. Unamjua mkaidi, unamjua mwenye mbio. Anayempanda, bila tandiko, ni kijana mliyesoma naye madrasa. Akianguka mnacheka, akishinda mtaa mzima umeshinda. Ushabiki gani wa runinga unakupa hiyo?

Ndiyo maana nasema: watalii karibuni, pesa inahitajika. Lakini siku ule ukuta utawekewa mahema ya wageni waheshimiwa na mwenyeji asukumwe nyuma, mbio zitabaki, mashabiki hawatakuwepo. Watabaki watazamaji tu.